Nyumba Isiyojua Kilio

Iko nchi moja, na msiniulize iko upande gani, maana ramani yake ilipelekwa wizarani kupakwa rangi na haijarudi. Ni nchi nzuri. Watu wake wana furaha kwa mujibu wa sheria.

Sheria yenyewe ilipitishwa mwaka ule Waziri wa Makazi na Furaha aliponunua nyumba, akalala humo siku tatu, kisha jirani akamwambia kwamba mwenye nyumba wa kwanza alifia bafuni. Mheshimiwa hakuoga wiki nzima. Wiki ya pili Bunge likaketi.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa, "huzuni ni uchafu kama uchafu mwingine. Mtu akikuuzia mchele wenye mawe, anakupunguzia bei. Kwa nini akuuzie nyumba yenye kilio kwa bei ya nyumba safi?"

Wananchi wakapiga makofi, kwa kuwa hotuba ilikuwa imegawiwa mapema na mahali pa makofi palikuwa pamepigiwa mstari.

Tangu siku hiyo, anayetaka kununua nyumba hupewa nusu siku ya kuipekua. Akigundua kwamba kuna mtu aliyefia humo, bei inashuka kwa robo, na Wizara inatuma fundi kufuta alama zote za marehemu, ili mnunuzi aingie mahali safi. Tena, kwa usalama wa taifa, hairuhusiwi mtu kuwa na nyumba mbili hata kwa dakika moja, wala kukosa nyumba hata kwa dakika moja. Kwa hiyo anayehama huuza na kununua siku moja, meza moja, mhuri mmoja. Mhuri unapoinuliwa kutoka karatasi ya kuuza kwenda karatasi ya kununua, wote waliomo ofisini hutakiwa kubana pumzi. Watu wasio na nyumba kabisa hawakutajwa katika sheria, kwa hiyo hawapo.

*

Bi Semeni na mumewe, Bwana Kitwana, walikuwa na nyumba kule Mlimani. Kutoka barabarani hadi mlangoni kulikuwa na ngazi sitini na mbili za mawe. Bwana Kitwana alikuwa fundi umeme, na enzi zake alizipanda ngazi hizo na mzigo wa waya begani huku akiimba. Sasa magoti yalikuwa yamekataa. Ulikuwa mwezi wa kumi na nne hajagusa barabara. Rafiki zake nao walikuwa wazee. Wakifika ngazi ya ishirini wanapunga mkono na kurudi.

"Sitaki makubwa," alimwambia mkewe. "Nataka kukaa mahali ambapo mtu akipita nitamsalimia. Nimechoka kusalimiana na kunguru."

Nyumba ya namna hiyo ilipatikana Bondeni. Ilikuwa ndogo, lakini mbele ilikuwa na baraza lililoelekea njia ya sokoni, na mtu aliyeketi pale angeweza kuulizwa habari zake mara mia kwa siku. Mwenye nayo, Bwana Chaurembo, alikuwa akiiuza kwa bei iliyolingana sawasawa na bei ya nyumba ya Mlimani. Haikuzidi hata shilingi. Wala wao hawakuwa na shilingi ya kuzidisha.

Ila kulikuwa na jambo moja. Pale Mlimani hakuna aliyemwita Bi Semeni kwa jina lake. Wote walimwita Mama Sikuzani. Sikuzani alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikufa kwa homa katika chumba cha nyuma, akiwa na miaka minane, miaka ishirini na sita iliyopita.

Basi Bi Semeni, ambaye kwa haya zake aliweza kukaa na deni la chumvi la jirani mwezi mzima akiona aibu kudai, ilimbidi azunguke nyumba kwa nyumba.

"Naomba, kama hamtojali, kwa mwezi huu mmoja tu, msiniite Mama Sikuzani."

"Tukuite nani?"

"Semeni."

"Ndiye nani huyo?" wakauliza wengine, kwa uaminifu kabisa.

Nyumbani nako walifanya mazoezi. Bwana Kitwana alikaa kitini akirudia: "Bi Semeni, niletee maji. Bi Semeni, funga mlango."

"Vizuri," alisema mkewe.

"Vizuri wapi? Nakuita kama karani wa mahakama."

*

Kwanza alikuja Mpimaji wa Furaha wa wilaya, Bwana Zahoro, mtu mwenye suti na pimamaji ya fundi mwashi. Aligusisha sikio kwenye kila ukuta. Aliwaamuru mume na mke watabasamu, akaweka pimamaji juu ya mdomo wa kila mmoja, akasubiri hadi kile kipovu kitulie katikati. Cha Bwana Kitwana kiliinama kidogo kushoto.

"Ni jino," akajitetea Bwana Kitwana.

"Jino linaruhusiwa," alisema Bwana Zahoro, akaandika: Furaha, Daraja la Kwanza.

Siku ya pili wakaja wanunuzi: kijana aitwaye Shaweji, mkewe Saumu mwenye mimba ya miezi saba, na shangazi yake Shaweji, Bi Kibibi, ambaye kazi yake ilikuwa upekuzi. Watu wa mitaa mitatu walimkodi.

"Nimepekua nyumba thelathini na tisa," alisema Bi Kibibi akivua viatu. "Huzuni ikijificha uvunguni naisikia inavyopumua. Asinifuate mtu kunionyesha vizuri. Vizuri havinihusu."

Akagonga milango. Akanusa makabati. Akainua godoro, akalitazama kama daktari anavyotazama ulimi. Akafika chumba cha nyuma, akapapasa ukuta kutafuta swichi ya taa. Hakuiona. Akapapasa tena. Mwishowe akainama, akaikuta usawa wa nyonga yake.

"He! Swichi hii mbona imechutama?"

Bwana Kitwana alikuwa ameishusha swichi ile zamani kwa mikono yake, ili mtu mwenye kimo kidogo asiingie gizani.

"Ni kwa ajili yangu, shangazi," alisema Bi Semeni. "Mimi ni mfupi."

Bi Kibibi akamtazama kuanzia vidole vya miguu hadi kichwani, safari iliyochukua muda, kwa sababu Bi Semeni alikuwa mrefu kuliko wote nyumbani mle.

"Mfupi," alisema. "Haya."

Kimya kikatanda. Kule sebuleni Bwana Kitwana alikisikia kimya kile, akajua mkewe amebanwa, akataka kumwokoa. Akapaza sauti kwa ukarimu wote aliokuwa nao:

"Mama Sikuzani! Mlete shangazi anywe kahawa!"

Hakuna aliyejongea. Hata Bwana Kitwana mwenyewe walimsikia akishusha kikombe polepole.

"Sikuzani," alisema Bi Kibibi kwa upole, kama mtu anayepokea mzigo mikononi. "Sikuzani yuko wapi, mwanangu?"

Bi Semeni aliangalia sakafu, na jibu likaonekana.

"Shangazi, twende," alisema Saumu, mkono juu ya tumbo lake. "Tuwape tu bei yao."

"Nyamaza wewe. Robo ni robo. Huyo tumboni atakuja kunywa maziwa ya huruma?"

Bwana Zahoro akaitwa na fomu. Aliuliza kila kitu kwa sauti nzuri ya kiofisi. Jina la huzuni. Umri wa huzuni. Ilianza lini, iliisha lini.

"Haijaisha," alisema Bi Semeni.

"Bibi, hapa hakuna nafasi ya haijaisha. Kuna tarehe tu."

Akaandika tarehe ya siku ile.

*

Asubuhi yake Bwana Kitwana hakunywa chai.

"Ulimi wangu umekula baraza," alisema.

"Ulimi wako haukusema uongo."

"Ungejifunza kusema uongo mapema, tungekuwa tunafunga mizigo."

Robo ikishatoka, nyumba ya Bondeni ilikuwa haishikiki. Dawa ilikuwa moja tu, na aliyekuja kuitaja ni Bi Kibibi mwenyewe. Alizipanda ngazi zote sitini na mbili akihema, maana biashara isipokamilika na yeye halipwi.

"Kapekue na wewe kule Bondeni," alisema. "Ukipata marehemu mmoja tu, naye anashusha robo, mnalingana, mhuri unagongwa."

"Kama hakuna?"

"Hakuna nyumba isiyo na kitu, mwanangu. Usitazame palipochakaa. Tazama palipotunzwa kupita kiasi."

"Naona haya."

"Haya yako itamshusha mzee wako ngazi hizo?"

*

Bwana Chaurembo alimpokea barazani, shati limepigwa pasi mpaka kola inang'aa. Alikuwa mtu wa miaka sabini hivi.

"Karibu, mama. Nimeosha kila kitu."

"Samahani kwa usumbufu."

"Hakuna usumbufu. Ni sheria."

Bi Semeni alianza kupekua, kama unaweza kuuita ule upekuzi. Alitazama kila chumba kutoka mlangoni. Hakuinua godoro, aliligusa kwa kidole kimoja, akaomba radhi. Jikoni alikuta kabati la mbao, kila kitu kando yake kimechakaa, lakini lenyewe limepakwa mafuta likang'aa. Kabla ya kulifungua akajikuta amesema, kwa sauti ndogo:

"Hodi."

Bwana Chaurembo, aliyekuwa nyuma yake, akanyoosha mkono wenye ufunguo, akamfungulia. Ndani ya mlango, kutoka juu hadi chini, kulikuwa na maandishi ya penseli.

*Chai: majani kijiko kimoja. Si vitatu, wewe!*

*Wali: maji yaupite mchele kwa pingili moja ya kidole. Usikoroge, hata ukiona hamu.*

*Samaki: mtazame machoni kabla ya kununua. Mtazame samaki, si muuzaji.*

Juu mwandiko ulikuwa umesimama wima kama wa mwalimu. Kadiri ulivyoshuka uliinama, herufi zikaachana, mistari ikapishana. Wa mwisho kabisa ulisema: *Maharage: yaloweke tangu jioni. Asubuhi*

Baada ya hapo mbao ilikuwa tupu.

"Umeona," alisema Bwana Chaurembo nyuma yake.

"Naangalia bawaba."

"Bawaba ni nzima."

"Ndiyo. Ni nzima."

Mzee akavuta kigoda, akaketi. "Mpimaji nilimwambia ufunguo wa kabati umepotea. Na kwako nilikuwa nimejiandaa kusema hivyo hivyo. Lakini mtu anayebisha hodi kabatini, nitamdanganyaje?"

Bi Semeni hakujua aweke wapi mikono yake.

"Mke wangu alijua anaondoka," mzee akaendelea. "Alipewa wiki tatu. Mimi sikuwahi kuchemsha hata maji. Akasema, hutakufa njaa na mimi nimekuoa." Akacheka kidogo. "Alisema hivyo, nimekuoa. Alikuwa na maneno."

"Kwa nini unauza, baba?"

"Nyumba hii ni kubwa mno kwa mtu mmoja anayekula wali. Nimepata nyingine karibu na dada yangu. Bei ya hii ndiyo bei ya ile. Mhuri ukishagongwa naung'oa mlango huu, naondoka nao. Nimeshanunua bisibisi." Akaitoa mfukoni, mpya, ingali na karatasi ya dukani. "Lakini ukisema umeona, hautakuwa mlango wangu tena. Utakuwa ushahidi. Watakuja na brashi."

Nje, watu walikuwa wakipita kwenda sokoni. Habari za asubuhi? Nzuri, za kwako? Salama tu. Bi Semeni aliwasikia mmoja mmoja. Akamwaza mumewe ameketi pale barazani, fimbo magotini, akimjibu kila mmoja wao.

"Ni haki yako," alisema Bwana Chaurembo. "Sitakuchukia. Najua una mgonjwa." Kisha akasita, akauliza kama anayeuliza jambo la aibu: "Ila niambie, mama. Asubuhi, nini?"

"Nini?"

"Maharage. Yaloweke tangu jioni, asubuhi nini? Miaka minne sasa. Kumwuliza mtu mwingine naona kama namkatiza."

"Asubuhi unamwaga yale maji," alisema Bi Semeni. "Unatia mapya. Chumvi usitie mpaka yaive, ukiiwahisha yanagoma."

Mzee akachukua penseli juu ya rafu, akaisogeza hadi kwenye ile mbao tupu. Akasimama hivyo kwa muda. Kisha akairudisha rafuni.

"Acha," alisema. "Bado anasema."

*

Siku ya mhuri ofisi ilijaa. Bwana Zahoro alivaa tai mbili, moja ya kazi na moja ya taifa. Alisoma hotuba fupi ya kurasa tisa kuhusu paa kama nguzo ya maendeleo, akawaamuru watu waanze kubana pumzi.

"Bi Semeni. Umeipekua nyumba ya Bondeni?"

"Nimeipekua."

"Umegundua huzuni?"

Bi Kibibi alimfinya pajani. Shaweji na Saumu walimtazama. Bwana Chaurembo aliangalia dirishani, uso umetulia, kama abiria anayesubiri zamu yake. Bi Semeni alifikiria baraza. Alilifikiria kwa nguvu, kama mtu anayevuta kamba ya ndoo kisimani. Akafungua mdomo, na hakujua litatoka lipi mpaka lilipotoka.

"Nimeona nyumba nzuri. Bawaba zake nzima."

"Huzuni, bibi."

"Sikuona."

"Mwongo!" alifoka Bi Kibibi. "Hakuna nyumba isiyo na kitu!"

"Mama, kaa chini," alisema Bwana Zahoro. "Kubishia furaha ya raia ni miezi sita." Akapekua karatasi zake. "Basi bei ya Bondeni ni kamili, na fedha hazitoshi. Muamala huu..."

"Umekufa," karani akamsaidia.

"Hapa hakifi kitu! Umepumzika." Na kwa kuwa nyumba ya Mlimani ilikuwa imeshaandikiwa huzuni, nayo itapumzishwa miaka saba kabla ya kuuzwa tena. Bwana Kitwana alikuwa na miaka sabini na sita.

Watu wote wakaachia pumzi kwa pamoja.

*

Alipofika juu alimkuta mumewe amejivalisha kanzu nyeupe na kofia, fimbo mapajani, mizigo mitatu imefungwa kando yake. Alikuwa amenyoa ndevu mwenyewe. Shavuni palikuwa na alama ya wembe.

"Wabebaji wako wapi?" aliuliza.

Bi Semeni akaketi sakafuni, akamweleza yote. Hakumficha hata hodi. Bwana Kitwana alisikiliza mpaka mwisho.

"Umemhurumia mzee wa watu," alisema.

"Ndiyo."

"Na huyu wa kwako?"

Bi Semeni alifungua mizigo, akarudisha sufuria mahali pake, moja baada ya nyingine, akijitahidi zisigongane.

Siku tatu Bwana Kitwana hakusema naye zaidi ya maji na asante. Siku ya nne, akiwa amegeukia ukuta, aliuliza:

"Huyo mke wake aliitwa nani?"

"Sikumwuliza."

"Umenigharimu baraza, na hata jina hukuuliza?" Akageuka, akamtazama. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ile ya zamani. "Kaulize, Mama Sikuzani."

Akashuka.

Bondeni alikuta mlango wa kabati umelazwa majanini, na fundi wa Wizara anaupaka rangi nyeupe kwa mara ya pili. Shaweji na Saumu walikuwa wamehitaji nyumba nyingine upesi, na hii ilikuwa inauzwa. Bi Kibibi aliingia, akaliona kabati linavyong'aa, akayafikia maandishi ya penseli kabla chai haijapoa.

"Usinitazame hivyo, mwanangu," alisema Bi Kibibi. "Mtoto anazaliwa. Lazima apate pa kulala." Lakini hakumtazama usoni. Saumu alikuwa amesimama nje, kando ya njia, akilia, kwa sababu ndani tayari pamethibitishwa kuwa safi.

Bwana Chaurembo alikuwa ameketi juu ya sanduku lake akingoja gari. Nyumba ya karibu na dada yake ilimshinda bei. Alikuwa amepata chumba kimoja, mbali kidogo.

"Fundi ni mtu mwema," alimwambia Bi Semeni. "Aliniacha nisome kwa sauti kwanza, nikariri. Nilifika kwenye samaki, msimamizi wake akaja."

"Baba, nimetumwa. Marehemu aliitwa nani?"

"Nani anauliza?"

"Mume wangu."

"Hanijui."

"Hakujui."

Mzee akalitafuta jina lile mdomoni, kama mtu anayejaribu mlango uliofungwa siku nyingi.

"Mwanamize," alisema. "Mwanamize binti Shomvi."

Bi Semeni akaanza kupanda. Kutoka madirisha ya Mlimani redio zilikuwa zikitangaza kwamba katika kata hiyo peke yake huzuni mbili zimeondolewa ndani ya mwezi mmoja, na kwamba Mheshimiwa Waziri anawapongeza wananchi wote. Hakuzisikiliza. Alikuwa akilirudia jina lile katika kila ngazi, lisije likamdondoka.

Bwana Kitwana alikuwa amesogeza kiti hadi dirishani.

"Haya?"

"Mwanamize binti Shomvi."

Akavua kofia, akaiweka gotini. Kisha akasema, kwa sauti kubwa, kama asemavyo mtu anayetaka wapita njia wasimame waitikie:

"Mungu amrehemu Mwanamize binti Shomvi!"

Dirisha lilikuwa wazi. Hakupita mtu.